“Nilituma!” “Sikuona!”: Mesaji ya koperative inapita njia gani?

Simu iko na njia mbili za kupeleka mesaji: SMS na intaneti. Mara nyingi njia inachaguliwa na simu au na programu uliyofungua, bila wewe kujua. Tusipojua uchaguzi huo unafanyika namna gani, mavuno yanaharibika na wanamemba wanagombana bure.

Tuchukue mfano wa koperative ya kahawa kando ya Ziwa Kivu, mwezi wa tatu, wakati serizi zinaanza kuiva kwa wingi. Siku ya ine jioni mashine ya kumenya kahawa inaharibika kwenye stasio. Jeran anaangalia, anaona spea haitapatikana mbele ya siku ya posho. Anafungua simu yake, anaandika kwenye kundi la WhatsApp la koperative: “Kesho hatupokei serizi. Msivune.” Anatuma, anaweka simu mfukoni, anaenda kulala na roho safi.

Kesho yake, saa tisa ya mchana, wamama wanashuka mlima na mifuko imejaa. Wamevuna tangu asubuhi. Mashine imenyamaza. Na sisi sote tunajua kahawa haingoji: serizi ikivunwa inapaswa kumenywa siku ileile. Ikilala ndani ya mfuko, inapata joto, inaanza kuchacha, na bei inaanguka. Wamama wanauza kwa mnunuzi wa njiani, kwa bei anayotaka yeye.

“Nilituma mesaji jana jioni!” jeran anasema.

“Mulituma wapi? Mimi sikuona kitu,” mama mmoja anajibu.

Wote wawili wanasema ukweli. Jeran alituma kweli. Mama hakuona kweli. Katikati yao kuna mesaji iliyolala njiani, na mesaji ile itafika siku ya tano usiku, wakati kijana wa mama atanunua mega. Itasema: “Kesho hatupokei serizi.” Sasa mama atakosea mara ya pili: ataelewa kama stasio imefungwa siku ya posho, na siku ya posho ndiyo mashine itaanza tena.

Ugomvi wa namna hii unaharibu koperative polepole kuliko mdudu wa kahawa. Ndiyo maana tunataka kueleza mesaji inapita wapi.

Njia mbili, barabara mbili

SMS ni mesaji ya zamani. Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1992. Injinia kijana, Neil Papworth, aliandika kwa kompyuta maneno mawili ya kutakia Noeli njema, na yakaingia ndani ya simu ya mkubwa mmoja wa kampuni ya simu. SMS haitumii intaneti. Inapita kwenye kanjia kadogo ambako simu na mnara wa rezo vinasemezana kila mara: “Uko wapi? Niko hapa.” Kwa sababu ni ndogo sana, inaweza kupita hata pale rezo iko na kijiti kimoja tu. Inapita kwa kila simu, hata ile ndogo ya vitufe.

Mesaji ya intaneti, kama ya WhatsApp, inapita barabara nyingine. Inadai vitu vitatu kwa kila upande: simu yenye programu ile, rezo yenye nguvu ya kubeba intaneti, na mega zilizonunuliwa. Mtumaji awe navyo, mpokeaji naye awe navyo. Kimoja kikikosekana upande wowote, mesaji inangoja.

Hapa kuna tofauti kubwa ya makuta ambayo watu wengi hawaifikirii. Kwa SMS, anayelipa ni mtumaji peke yake. Mama aliye mlimani anapokea bila kutoa hata franka moja. Kwa intaneti, kila mmoja analipa upande wake. Kwa hiyo koperative inayotumia WhatsApp peke yake kupunguza gharama haikupunguza kitu: imehamisha gharama kutoka biro kwenda kwa mwanamemba. Na yule asiye na mega siku ile ametolewa nje ya mkutano bila mtu kumfukuza.

Nani anachagua?

Jibu linategemea programu uliyofungua.

Ukifungua WhatsApp, umekwisha kuchagua intaneti. WhatsApp haigeuki SMS hata siku moja. Kama mwenzako hana intaneti, mesaji inalala kwenye mashine za kampuni, inamngoja hadi siku 30, halafu inafutwa. Soma alama zake. Kasaa kadogo: mesaji bado iko ndani ya simu yako. Tiki moja: imetoka kwako, haijafika kwake. Tiki mbili: imefika ndani ya simu yake. Tiki mbili za buluu: amefungua. Jeran wetu angeangalia kundi lile mbele ya kulala, akabonyeza juu ya mesaji yake na kufungua habari zake, angeona majina ya waliopata, na kwamba wengi hawamo.

Ukifungua programu ya mesaji iliyokuja na simu yenyewe, hapo ndipo simu inaanza kuchagua. Zamani programu ile ilikuwa ya SMS tu. Leo simu nyingi za Android ziko na mfumo mwingine ndani yake unaoitwa RCS, ambao unapita kwa intaneti. Simu inauliza maswali mawili kimyakimya. La kwanza: mimi niko na intaneti sasa? La pili: ile namba ninayotaka kuiandikia imeandikishwa kwenye mfumo huu? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, mesaji inapita intaneti. Moja likiwa hapana, inapita kama SMS na inite zinakatwa.

iPhone inafanya vilevile na mfumo wake, iMessage, tangu mwaka 2011. Mesaji ya buluu imepita iMessage, ya kijani haikupita humo. Tangu mwisho wa mwaka 2024, simu za iPhone nazo zimeanza kukubali RCS na Android, pale kampuni ya simu imeruhusu.

Angalia vizuri maswali yale mawili. Simu haiulizi: “Mwenzangu ana mega leo? Simu yake imezimika? Rezo ya mlima wake imeanguka?” Inajua hali yako wewe, na inajua kwamba namba ya mwenzako iliandikishwa siku moja. Basi. Kama namba imeandikishwa lakini leo mwenye simu hana mega, simu yako inaweza kutuma kwa intaneti na mesaji ikabaki njiani. Simu nyingine zinangoja kidogo kisha zinatuma tena kama SMS, nyingine zinakuuliza kwanza, nyingine zinaendelea kungoja. Inategemea namna zilivyopangwa. Fungua parametre za programu ya mesaji, tafuta sehemu inayosema kutuma kama SMS intaneti ikikosekana, na uiwashe. Kwa simu ya jeran au ya sekretere, kazi hiyo ni ya lazima.

Mitego mitano tunayoiona kila mara

Kwanza, mesaji ya kundi. Ukichagua watu 20 ndani ya programu ya mesaji na kuwaandikia mara moja, simu nyingi zinageuza ile mesaji kuwa MMS, yaani mesaji inayoweza kubeba picha. MMS nayo inatumia intaneti ya kampuni ya simu. Simu ndogo ya vitufe mara nyingi haiipati. Umefikiri umetuma SMS 20, kumbe wenye simu ndogo hawakuona kitu. Kwenye parametre kuna sehemu ya mesaji za kundi: chagua kila mtu apate SMS yake peke yake.

Pili, urefu. SMS moja inabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi zilizo wazi. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153, na unalipa kila kipande. Kiswahili chetu kinaingia vizuri ndani ya hesabu hiyo. Lakini ukiweka herufi moja tu ambayo haimo kwenye orodha ya SMS, nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Kifaransa kinaleta tabu hapa: é na è zimo, lakini ê, â, î, ô, û na ç ndogo hazimo. Vipicha vya uso na mikono havimo. Hata kale kaalama ka juu ndani ya “ng'ombe”: kakiwa kamesimama wima, hakuna tabu; simu ikikageuza kuwa kamepinda, mesaji yote inahamia hesabu ya 70. Basi salamu na vipicha tuviache kwa WhatsApp.

Tatu, namba ya zamani. Mwanamemba amebadilisha kadi ya SIM, lakini WhatsApp yake bado inatembea na namba ya kwanza. Hilo linawezekana, kwa sababu WhatsApp inaangalia namba iliyoandikishwa, haiangalii kadi iliyo ndani ya simu leo. Ukimwandikia WhatsApp kwa namba ya zamani anapata. Ukimpelekea SMS kwa namba hiyohiyo hapati. Mbaya zaidi: kadi ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine ile namba. Sasa bei na siku za malipo za koperative zinaenda kwa mgeni.

Ine, simu iliyobadilishwa. Mtu alikuwa na iPhone, ameiuza au imeharibika, ameweka kadi yake ndani ya simu ya vitufe. Simu za iPhone za marafiki zake zinaweza kuendelea kufikiri bado ana iPhone, na kumtumia kwa intaneti mesaji ambazo hataziona. Kabla ya kuacha iPhone, zima iMessage kwenye parametre. Kama simu imekwisha kwenda, kampuni ya Apple iko na ukurasa wa kuondoa namba tangu mwaka 2014.

Tano, neno “imetumwa”. Kwa SMS, neno lile linasema tu kwamba mesaji imefika kwenye sentre ya kampuni. Kama simu ya mpokeaji imezimika, sentre inaitunza na inajaribu tena na tena, lakini kwa muda fulani tu; muda ukipita, inaitupa. Simu nyingi ziko na sehemu ya kuomba ripoti ya kufika. Iwashe. Kutuma si kufika, na kufika si kusomwa.

Makuta na wezi

Mesaji ya malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inakuja kwa SMS, na kuna sababu: inapaswa kufika hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti. Lakini wezi wanajua vilevile. Wanaandika SMS inayofanana na ile ya kampuni, wanamtumia mkulima, halafu wanasema: “Makuta imefika, toa mifuko.” Usitoe mfuko kwa sababu ya mesaji. Piga mwenyewe ile namba ya nyota ya kampuni, angalia salio lako. Njia ile haitumii intaneti, na inakujibu palepale kutoka kwenye akaunti yako.

Kuna wizi mwingine unaounganisha njia zote mbili. WhatsApp ikifunguliwa kwenye simu mpya, inatuma tarakimu 6 kwa SMS ili kuhakikisha namba ni yako. Mwizi anaandika namba yako kwenye simu yake, tarakimu zinakuja kwako, halafu anakupigia: “Samahani, nimekosea, nipe ile kode.” Ukimpa, amechukua akaunti yako, na kesho ataomba makuta kwa wanamemba wote kwa jina lako. Kode ile haipewi mtu, hata akisema ni wa biro.

Jambo lingine: mesaji za WhatsApp zimefungwa tangu mwaka 2016, kiasi kwamba aliye njiani hawezi kuzisoma. SMS haikufungwa namna hiyo. Kwa hiyo usiandike namba za siri ndani ya SMS, na usitangaze kwa mesaji saa na njia ambayo makuta ya malipo yatapita. Mambo ya namna hiyo yanasemwa mdomo kwa mdomo.

Koperative ichague yenyewe

Simu inachagua njia iliyo rahisi kwake. Haijui serizi zinaharibika. Haijui nani ana mega na nani hana. Kwa hiyo uchaguzi ufanywe na koperative, kwenye mkutano, na uandikwe. Tunapendekeza kanuni rahisi.

Jambo ambalo mwanamemba akilikosa leo atapoteza mavuno au makuta, liende kwa SMS kwa kila mmoja: stasio imefungwa, kamiyo inakuja, bei imebadilika, siku ya malipo imesogea. Jambo linaloweza kungoja, au linalohitaji picha, liende WhatsApp: picha ya ugonjwa kwenye majani, ripoti ya mkutano, sauti ya agronome akieleza namna ya kukata matawi.

SMS ya koperative iandikwe namna hii:

“KOPERATIVE 14/3: Siku ya tano 15/3 HATUPOKEI serizi, mashine imeharibika. Msivune. Tutapokea posho 16/3 mchana. Ukiona, bipu. Ambia jirani.”

Hesabu: ni herufi 139. Inaingia ndani ya SMS moja. Ukiongeza kipicha kimoja tu cha mikono mwishoni, mesaji hiyohiyo inakatwa vipande 3. Kwa wanamemba 100, umelipa SMS 300 badala ya 100.

Angalia mambo mengine matatu ndani yake. Tarehe iko mwanzoni, na neno “kesho” halimo. Mesaji inaweza kuchelewa, na “kesho” iliyochelewa inadanganya, tarehe haidanganyi. Halafu bipu: mwanamemba anapiga na kukata, haimgharimu kitu, na jeran anaona namba. Mwisho, “Ambia jirani”, kwa sababu kuna nyumba nyingi ambamo simu ni moja na mwenye simu amekwenda sokoni nayo.

Halafu fuata bipu. Jeran ashike orodha ya karatasi na kalamu. Aliyebipu, anawekewa alama. Ambaye hajabipu mbele ya usiku, shefu wa kikundi cha mlima wake anamwita kwa sauti au anamtuma mtoto mpaka nyumbani. Kama jeran wetu angefanya hivyo, angejua siku ya ine jioni ni nyumba gani hazijapata habari, si siku ya tano mchana mbele ya mifuko iliyojaa.

Na SMS nayo inaweza kukosekana. Mwisho wa mwaka 2018, baada ya uchaguzi, intaneti na SMS vilikatwa katika nchi yetu, na intaneti ilirudi karibu tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019. Betri ya mnara inaweza kuisha, mvua ya radi inaweza kuuangusha. Kwa siku kama hizo koperative iwe na njia ya tatu iliyokubaliwa mbele: redio ya jamii kwa saa inayojulikana, tangazo kanisani na msikitini, motari anayepanda mlima, au bendera kwenye stasio inayoonekana kutoka mbali. Wazee walipelekeana habari kabla ya minara, na njia zao bado zinatembea.

Kazi ya wiki hii

1. Sekretere aandike upya orodha ya wanamemba: namba inayopokea SMS leo, namba ya WhatsApp kama iko tofauti, na kama simu ni yake au ya jirani.

2. Wale wenye kutuma mesaji za koperative waangalie parametre tatu: kutuma kama SMS intaneti ikikosekana, mesaji za kundi zitoke moja moja, na ripoti ya kufika iwashwe.

3. Mtume SMS moja ya kujaribu kwa kila mwanamemba, mkiomba bipu. Hesabuni bipu ngapi zimerudi. Hesabu ile ndiyo itawaonyesha ni watu wangapi koperative inawafikia kweli.

4. Kila kikundi cha mlima kichague mtu mmoja wa kufuata wale ambao hawakubipu.

5. Mkubaliane njia ya tatu, na mwiseme mbele ya wote kwenye mkutano.

Kazi hii inachukua siku moja. Ukiweka kando yake mfuko mmoja wa serizi uliochacha, na mama aliyeubeba mgongoni tangu mlimani, utaona ipi ni nzito. Siku nyingine mtu akisema “Nilituma!”, tumwulize kwa heshima: nani amebipu?